MREJESHO: Lokum ya Istanbul, sasa inagandika Nairobi

Niliuliza kwa nini lokum, ile peremende laini ya Uturuki tuliyoonja utotoni safarini Istanbul, inatoka ngumu ikipikwa hapa Nairobi. Asanteni sana mliojibu. Jibu ni mwinuko.

Mapishi mengi yanasema shira ifike nyuzi 115. Hizo ni za pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo shira itolewe kwenye 109. Ukingoja 115, maji yameshakauka kupita kiasi. Chemsha kwanza maji matupu, soma kipimajoto, kisha ongeza 15.

Vipimo: sukari gramu 800, maji mililita 350 na maji ya limau kijiko kimoja cha mezani kwa shira. Limau huzuia sukari isirudi chenga. Ukilizidisha, wanga hulegea. Sufuria ya pili, konifulawa (wanga mweupe wa mahindi) gramu 120 kwa maji mililita 700: koroga ikiwa baridi, ndipo uipashe hadi iwe nzito. Mimina shira kidogo kidogo.

Hapa ndipo wengi huharakisha. Moto mdogo kabisa, saa nzima, mwiko usitulie, mpaka rangi igeuke dhahabu na donge liachane na sufuria. Likitolewa mapema halikatiki. Maji ya waridi yaingie mwisho, harufu isipotee.

Lilaze usiku kucha bila friji. Pakaza sukari ya unga iliyochanganywa na konifulawa; sukari peke yake hulowa.