Sakafu na mihimili iliyooza katika mashua ya faiba: poliesta, epoksi, au kuachana na mbao?

Mvukaji wa Nguba (Bukavu)

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijawajibu mafundi watatu ambao kila mmoja amenipa bei yake. Mashua yangu ya faiba imezeeka, na tangu mvua zilipoanza sakafu yake inabonyea ninaposimama karibu na usukani. Jumamosi nilikata kipande cha sakafu hapo, nikakuta tripleksi (ubao wa tabaka zilizogandishwa) inamung'unyika kwa vidole, na mihimili miwili mirefu inayopita chini yake imelowa na kuwa myeusi. Fundi wa kwanza anataka kurudishia tripleksi na rezini ya poliesta, yaani gundi ya maji inayoganda na kushikilia nyuzi za faiba, wa pili anakataa kitu chochote kisicho epoksi, ambayo ni rezini ya aina nyingine, na wa tatu ananishauri niachane na mbao, mihimili ijengwe juu ya povu gumu. Bei ya epoksi inakaribia mara tatu ya ile ya poliesta. Ninyi mngechagua ipi?

Fundi wa Himbi (Goma)

Papa, swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Hujatuambia urefu wa mashua, nguvu ya moteri, kama chini ya sakafu kuna povu la kuelea, wala hali ya ubao wa nyuma unaobeba moteri. Huo ubao ndio unaoamua kazi yote, kwani ukiwa umeoza, bei zote tatu ulizopewa hazina maana. Gonga kwa mpini wa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma: palipo pazima hutoa mlio mkali, palipooza hutoa mlio mzito. Kisha toboa matundu ya milimita 6 kwenye ubavu wa mihimili na upande wa ndani wa ubao wa nyuma. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni habari njema, lakini unga mweusi wenye majimaji unamaanisha kwamba sehemu hiyo lazima itoke.

Mvukaji wa Nguba

Asante, fundi. Mashua ina mita 6, moteri ni ya nguvu za farasi 40, na povu lipo. Nililikamua kwa mkono likatoa maji. Ubao wa nyuma sijaugusa.

Mwana wa Idjwi

Mimi nakushauri epoksi, wala sitabadili neno. Poliesta mpya ikipakwa juu ya poliesta iliyokauka miaka mingi haichanganyiki nayo; hushika mikwaruzo ya msasa tu, na kwenye mbao hushika vibaya zaidi, ndiyo maana mihimili mingi ya zamani hukutwa imebanduka ndani ya ganda lake. Epoksi hushika vyote viwili. Angalia tu kitambaa unachonunua: ule mkeka wa nyuzi fupi kwa kawaida umegandishwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta, hivyo kwenye epoksi hubaki mgumu na haukai vizuri kwenye kona. Tafuta kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Fundi wa Himbi

Ndugu, mashua hiyo ilijengwa kwa poliesta na imemtumikia mwenyewe miaka mingi. Kilichoiua ni maji ya mvua yaliyopita kwenye matundu ya skrubu za viti, yakakaa chini ya sakafu bila njia ya kutoka. Ukisaga faiba ya zamani kwa msasa namba 40 hadi rangi na uchafu vyote viishe, ukapaka tripleksi pande zote mbili na kingo zake, ukalaza kitambaa kipande juu ya kipande hadi kienee sentimita 10 au 15 juu ya tumbo la mashua kila upande wa mhimili, poliesta itafanya kazi. Na kila skrubu ya kiti itobolewe tundu pana, lijazwe rezini, ndipo litobolewe tena dogo katikati.

Mpakiaji wa Minova

Nyote mnabishana juu ya rezini, lakini mimi nilipoteza mashua kwa sababu nyingine kabisa, na ningependa Papa wa Nguba asome jambo hili polepole. Fundi niliyempa kazi aling'oa sakafu yote na mihimili yote minne kwa siku moja, mashua ikiwa imelala juu ya magogo mawili. Tumbo la faiba lisilo na mihimili hulegea kama ngozi ya ngoma isiyowambwa. Usiku ule lilishuka katikati ya magogo, na hakuna aliyelipima. Akachonga mihimili mipya kwa kufuata umbo lile lililopinda, akaifunika, na upindaji ukabaki humo milele. Jioni, baridi ilipoingia na epoksi ikachelewa kukauka, alizidisha dawa ya kugandisha maradufu akidhani ni kama poliesta. Epoksi haitaki hivyo, vipimo vyake havibadilishwi. Ilibaki nata wiki nzima, tukaikwangua kwa mikono. Tuliposhusha mashua majini, kila nilipoongeza mwendo pua yake ilizama na kuvutwa kushoto. Nilimuuzia mtu moteri, mashua nikaiacha ufukweni. Kwa hiyo tengeneza kwanza vitanda vinavyofuata umbo la tumbo, pima kwa kamba na kipima usawa, na badilisha mhimili mmoja mmoja.

Mama wa Kyeshero

Pole sana, ndugu. Kwa nini basi msirudi kwenye mitumbwi ya mbao, ambayo kila fundi wa ziwa letu la Kivu anaijua? Ikijaa maji, mbao zenyewe huelea.

Mwana wa Idjwi

Mama, hata ya mbao huoza, na ikishabeba moteri na mizigo usitegemee ikuokoe.

Fundi wa Himbi

Lakini Mama amegusa jambo zito. Faiba ni nzito kuliko maji. Papa akitoa povu lililolowa asirudishe kitu, mashua ikijaa itazama, na sisi tulioishi Goma tarehe 3 Oktoba 2024, mashua kutoka Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, hatuwezi kulizungumza hilo kijuujuu. Povu jipya lirudi, ila liachiwe mfereji chini yake wa kupitisha maji. Na lisichanganywe na povu la fundi wa tatu: hilo la mihimili hutoa umbo tu, nguvu yote hutoka kwenye tabaka za faiba juu yake, kwa hiyo zinahitajika nyingi zaidi kuliko juu ya mbao.

Mvukaji wa Nguba

Nimetoboa ubao wa nyuma leo asubuhi. Matundu manne ya juu yametoa unga mkavu. Mawili ya chini, karibu na tundu la kutolea maji, yametoa majimaji ya kahawia yenye harufu ya siki. Vitanda nitavitengeneza kwanza, kwa vyovyote vile. Je, sehemu ya chini pekee inaweza kukatwa na kuungwa?

Fundi wa Himbi

Kabla sijakujibu, toboa tena sentimita 5 juu ya hayo mawili, kisha nyingine 5, mpaka ukutane na pakavu. Na tundu lenyewe la kutolea maji lina bomba ndani, au mbao iko wazi?