Niajiri fundi wa kumi au nibaki na tisa? (SDL)

SareManzese (Machi 2024)
Habari wakuu. Nashona sare za shule Manzese, nina mafundi tisa, kila mmoja laki nne kwa mwezi. Kuna kijana wa ovaloki (cherehani ya kufunga kingo) katoka chuo cha ufundi VETA Chang'ombe, mkono mwepesi, namtaka. Mhasibu ananiambia nikifika watu kumi naingia kwenye SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi: asilimia 3.5, tena ya mishahara ya wote, siyo ya kijana peke yake. Milioni nne hiyo, kwa hiyo laki moja na arobaini kila mwezi. Weka mshahara wake na NSSF yangu ya asilimia 10, kijana wa laki nne ananitoka laki tano na themanini. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, sijaigusa. (Na tozo yenyewe ndiyo inayochangia VETA alikosomea!) Jamaa mmoja ananishauri nisajili kampuni ya pili kwa jina la mke wangu. Nyie mnafanyaje?

MahesabuTabata
Mhasibu wako yuko sahihi. Zamani ilianzia watu wanne. Mwaka 2021 wakasogeza hadi kumi, na Julai 2023 kiwango kikashuka kutoka 4 hadi 3.5. Wenye watu watano, sita walipumua. Nyie wa tisa ndio mmebanana mlangoni. La mke achana nalo. Chumba kimoja, cherehani zile zile, siku ya ukaguzi utaeleza nini? Na ukimwita kibarua bado anahesabika.

Ovaloki_Mbagala
Mkuu, kwenye karakana niliyopo fundi wa kumi ni mimi. Nalipwa kwa pisi. Desemba na Januari silali, ikifika Machi nasubiri bosi anikumbuke. NSSF sina. Wenzangu wa laki nne wanalalamika PAYE (kodi ya mshahara) ya elfu saba na mia mbili, mimi natamani ningekatwa. Ukimchukua, mwandike.

SareManzese
Ovaloki, umenigusa. Sketi moja inaniachia elfu mbili, kwa hiyo SDL ni sketi sabini za ziada kila mwezi. Januari hizo hazinisumbui, Agosti ndiyo kazi. Nikipata oda ya sare za walinzi ya kujazia miezi mikavu, namwandikia mkataba. Mwenye fununu ya oda aje PM.