Yule wa kofia pana, nani kakwambia shamba langu ni kichaka?

Wakuu habari za jioni, ingawa yangu imeshaharibika.

Simtaji jina, mnamjua. Penye mche na kamera yupo; kamera ikikosekana, hayupo. Leo kaja huku kwetu Dodoma vijijini na msafara ambao gari la kwanza lishafika kwangu, la mwisho bado linajaza mafuta mjini. Kashuka, kapandisha suruali, kalitazama shamba langu la kisiki hai, kisha akasema: "Vijana, fyekeni hicho kichaka tupate pa kupandia miti."

Someni tena. Wafyeke miti, apate pa kupandia miti.

Kwa msiojua kisiki hai: mti ukikatwa huku kwetu, mzizi unabaki hai chini na kisiki kinachipua. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unaondoa, unapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa watu wajue mti una mwenyewe. Baada ya hapo kazi ni kupigana na mbuzi tu. Humwagilii hata kikombe, mzizi unajitafutia. Migunga yangu ilishanipita kimo, mtama unakubali chini yake, na mama watoto kuni anapata hapo hapo kwenye matawi ya kupogolea. Kila mti una kitambaa chekundu. Kichaka gani kinavaa kitambaa?

Na vijana wakafyeka! Nusu yao nimewafundisha mimi kupogolea. Posho hiyo.

Sasa ngojeni. Mche wake yeye kaupanda na kiriba! Nailoni haijachanwa, kaufukia hivyo hivyo, zikapigwa picha elfu tatu, akaunywesha maji ya chupa. Juni! Dodoma, Juni, mvua yenyewe tunaitegemea Desemba! Mche ule hata ukatiwe bima ya afya hautoboi.

Nikasema, "Mheshimiwa, hiyo uliyofyeka ndiyo miti yenyewe." Akanipigapiga begani: "Usijali mzee wangu, elimu tutawaletea." Elimu! Mtu aliyezika nailoni!

"Fyekeni hicho kichaka." Silali leo.

— Mtama Mwekundu

Chumvi ya Jana: Chai hii. Picha ya vitambaa iko wapi?

Mtama Mwekundu: Kesho mchana naweka. Na kiriba kipo, nimefukua nikakichungulia.

Shangazi wa Mjini: Shamba lako, mapanga ya watu, na wewe umesimama unapigwapigwa bega. Halafu unakuja kutulilia sisi.

Mtama Mwekundu: Shangazi, kulikuwa na askari!

Shangazi wa Mjini: Wa kulinda nailoni?

Ng'wana wa Ziwani: Poleni Wagogo. Sisi Shinyanga tulishamaliza huko tangu HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wa 1986. Tulirudia ngitili za babu zetu, yaani tukafunga malisho yapumzike, pori likarudi lenyewe zaidi ya hekta 300,000. Aingie mtu afyeke ngitili ya Msukuma tuone kama ataondoka na hiyo kofia.

Mtama Mwekundu: Usitutambie, sisi HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, tulikuwa nayo 1973.

Mrangi Asili: Hiyo HADO mnayojisifia ndiyo iliyotutolea mifugo Kondoa 1979. Ng'ombe, mbuzi, wote nje. Babu yangu mpaka anaingia kaburini anauliza watarudi lini.

Chumvi ya Jana: Si kwa sababu makorongo yalikuwa yanameza nyumba?

Mrangi Asili: Yamemeza nyumba yako? Nyamaza.

Boda wa Nakuru: Nyinyi mmepewa mgeni mmoja tu. Sisi Kenya tulipewa sikukuu nzima, 13 Novemba 2023, eti kila mtu atoke akapande, miti bilioni 15 ifike 2032. Siku nzima sikupata abiria. Mche nikapanda kweli, mbuzi wa jirani akaula jioni ile ile, na jirani akanidai eti mbuzi anaharisha.

Kibanga wa Lushoto: Afadhali mbuzi, atachinjwa Krismasi. Jirani yangu kapanda mikaratusi mstari mzima mpakani, kisima changu sasa kinatoa vyura. Nikimwambia ananiambia anatunza mazingira.

Mbao ni Mali: Usiusingizie mkaratusi. Kosa ni kuupanda kwenye maji. Mimi umenisomeshea watoto wawili.

Kibanga wa Lushoto: Umekusomeshea wako, wangu wanachota maji bondeni kabla ya shule.

Mtama Mwekundu: Jamani, tulikuwa kwenye kichaka changu.

Mbao ni Mali: Mkuu hicho kishafyekwa, sasa hivi tuko kwenye mikaratusi.

Kibanga wa Lushoto: Na wewe Mbao nakufahamu, nyumba yako haina hata mti mmoja uani, umejaza pevingi.

Mbao ni Mali: Pevingi inakuuma nini? Umeilipia?

Shamba Boy Njombe: Samahani kwa kuingilia, miche ya parachichi za Hass ipo, imebebeshwa vizuri, njoo inbox.

Boda wa Nakuru: Huku kwetu bei ya Hass dalali anakula yote, mkulima anabaki na kokwa.

Shangazi wa Mjini: Njombe, mpaka Singida mnatuma? Na ikifika imekauka, hasara ya nani?