Tupeane uzoefu: siku ya kwanza ulipofuma kwa rangi mbili

Mfumaji Mchanga
Wadau, leo napanga sanduku nimekutana na kofia yangu ya kwanza ya rangi mbili, bluu na nyeupe. Nimeigeuza ndani nje nikacheka peke yangu. Nyuzi zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, kila nikiivaa hereni inanasa. Ukiwa na rangi moja unajiona umeiva, ukiongeza ya pili unarudi chekechea. Mwageni yenu.

Sindano Butu
Soksi za mtoto. Niliruka vitanzi 12 bila kuukamata uzi wa nyuma, yaani ule wa rangi isiyotumika unaopita ndani ya kazi. Kidole gumba kilikuwa kinaingia humo kila asubuhi, analia, namvua, namvalisha upya.

Kitanzi Kimoja
Hereni! Nilidhani ni mimi tu.

Dada Sufi
Ngojeni niwape ya kwangu, nimeificha miaka. Nilikuwa na mchumba. Nikaona zawadi ya kununua haina uzito, nikamfumia sweta la kijivu lenye mapambo mekundu kifuani. Chini kote rangi moja, likatoka safi. Kufika kwenye mapambo mkono ukakaza. Kila nikibadili rangi nauvuta ule uzi wa nyuma, naona ndio unadhifu wenyewe. Kifua kikaanza kunywea, nikajifariji kwamba kitalegea kikifuliwa. Kipande cha majaribio nilifuma cha rangi moja tu, nikapimia hicho.

Siku ikafika, sebule imejaa ndugu zake. Akaingiza kichwa, akaingiza mikono, likafika kwapani likagoma. Halishuki halipandi. Kasimama mikono juu, uso umefunikwa, shangazi yake anavuta chini, mdogo wake anavuta juu, nami nasikia nyuzi za nyuma zinakatika, tak, tak. Vitanzi huvutika jamani, lakini uzi uliopita nyuma umenyooka, hauna pa kuvutikia. Nikaenda kuchukua mkasi mwenyewe. Kazi ya miezi minne, nikaichana kutoka pindo hadi shingoni.

Kitanzi Kimoja
Mikono juu 😂😂 Nimeshindwa kula.

Sindano Butu
Mambo ya sweta baadaye. Ndoa ilifungwa?

Pindo Refu
Na shangazi alisemaje? Usituache hapa dada.

Fundi Mpole
Pole dada. Kwa wanaoanza: kabla ya kubadili rangi, vitandaze vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia, ndipo upitishe uzi mpya. Ukizidi vitanzi vitano, ukamate uzi wa nyuma kwa kuuzungushia ule unaofuma nao. Na kwenye mapambo panda saizi ya sindano: kama mwili ni milimita 4, pale tumia 4.5.

Rangi Tatu
Vitano ni vingi. Mimi nakamata kila cha tatu.

Fundi Mpole
Ndiyo maana rangi ya nyuma inachungulia mbele.

Rangi Tatu
Umeiona wapi kazi yangu?

Fundi Mpole
Sijaiona. Ila ukikamata palepale kila safu, mstari utauona mwenyewe. Uzi wa sufu ya kondoo wenye manyoya hujishika, unaweza kwenda hata saba. Akriliki inateleza, hiyo ndiyo ya kukamata mapema.

Pindo Refu
Mimi nilibeba rangi nne kwenye safu moja. Nilikuwa nafungua mafundo kuliko kufuma.

Fundi Mpole
Nani alikutuma? Hata mtindo wa kisiwa cha Fair Isle, kule Shetland, sweta linaweza kuwa na rangi nyingi lakini safu moja kwa kawaida ni mbili tu. Weka donge moja kulia, jingine kushoto, na usiyapishanishe. Uzi unaoupitisha chini ndio unaotokeza zaidi mbele, kwa hiyo amua mapema ni upi, usibadili katikati.

Jicho la Sindano
Sisi wa kulabu (crochet) tunawaangalia tu.

Rangi Tatu
Endeleeni kuangalia.

Mama Vidonge
Yangu ni moyo mwekundu katikati ya blanketi jeupe. Sikupishanisha nyuzi pale rangi zinapokutana, ukatoka moyo wenye matundu pande zote mbili. Baadaye nikaelekezwa: umbo kubwa hulipitishii uzi nyuma, kila eneo na kidonge chake, yaani kidonge kidogo cha uzi, na mpakani ule wa zamani unaulaza juu ya mpya. Nikarekebisha. Nikafua. Blanketi likawa la waridi.

Kitanzi Kimoja
Ungetia siki.

Mama Vidonge
Ilikuwa pamba. Nilitia siki, nikapata blanketi la waridi linalonuka siki. Sasa nalowesha kipande cha uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe kabla sijaanza.

Mfumaji Mchanga
Kwa hiyo anayeanza aanzie wapi?

Rangi Tatu
Mistari. Safu mbili mbili, uzi unapanda pembeni, hukati kitu.

Jicho la Sindano
Aanzie kulabu.

Dada Sufi
Mmenisumbua hadi faragha. Ndoa ilifungwa. Kile kifua nilikishona kingo kikawa mto wa kochi, yeye ndiye aliyekataa nisitupe. Nikishika sindano anauliza mkasi uko wapi. Shangazi mpaka leo ananiita Mama Mkasi.

Pindo Refu
Na mikono ya sweta?

Dada Sufi
Soksi. Rangi moja.

Sindano Butu
😂😂😂