Gumzo la Kikundi cha Nyuma ya Soko, Bombo, Uganda: Maganda, Balbu na Waya wa Afande

Jumatano

Katibu, 18:12
Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Nakumbusha kwa mara ya tatu kwamba Jumamosi, saa mbili asubuhi, tunakutana uani kwa Bibi Hajati. Vijana watapita nyumba kwa nyumba kuhesabu balbu za zamani, ili tujue ni ngapi za kubadilishwa tukinunua za LED kwa jumla, na sisi wengine tutachoma maganda ya matoke kwenye pipa tutengeneze makaa ya kufinyanga. Kikundi hiki kina majina 41, na waliojibu ni wawili.

Katibu, 18:15
Naomba msinijibu kwa alama ya kidole gumba. Kidole gumba hakibebi pipa.

Kijana wa Boda, 18:40
Shangazi, nitakuja, mradi kazi ianze baada ya chapati.

Mama Chapati, 18:44
Chapati zitakuwapo kwa fedha mkononi. Daftari la madeni limejaa, na wewe mwanangu uko ukurasa wa kwanza. Lakini mimi ninayewasha sigiri saa kumi na moja alfajiri nina swali. Makaa ya maganda tuliyotengeneza mwaka juzi yalitoa moshi mpaka wateja wangu wakahamia ng'ambo ya barabara. Safari hii kuna tofauti gani?

Katibu, 18:58
Yalitoa moshi kwa sababu tuliharakisha. Ganda linatakiwa likauke juani kabisa, kisha lichomwe katika pipa linalopitisha hewa kidogo mpaka liwe jeusi lote bila kugeuka jivu, ndipo lipondwe, lichekechwe na kuchanganywa na uji wa unga wa muhogo. Sisi tulifinyanga maganda ya kahawia, tukayaanika siku moja, tukayatia motoni yakiwa mabichi ndani. Wala sitakudanganya, dada yangu: moto wake si mkali kama wa makaa ya mti. Kwa maharagwe unatosha. Kwa chapati, endelea na gunia lako. Ila sisi tulio kando ya barabara ya Gulu tumeona malori ya makaa maisha yetu yote, na tangu Rais alipotoa amri ya Mei 2023 ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara huko kaskazini, kila anayeshusha gunia hapa huitaja amri hiyo kabla ya kutaja bei.

Fundi Umeme, 19:20
Kabla hatujafika kwenye pipa, nina jambo ambalo haliwezi kungoja Jumamosi. Leo nimegusa waya unaotoka kwenye mita ya Afande ya Yaka, yaani ya umeme unaolipiwa kabla, kwenda vyumba vitano vya wapangaji, na una joto. Ni waya mwembamba wa taa, lakini sasa unabeba pasi, birika na majiko mawili ya koili. Naomba uondolewe leo.

Afande Mstaafu, 19:31
Waya huo umekuwapo tangu 2006 na haujamdhuru mtu.

Kijana wa Boda, 19:32
Ndiyo sababu umedumu, Afande. Mwaka ule Ziwa Viktoria lilipungua, na umeme wenyewe ulikuwa haupo. Waya ulikuwa likizoni.

Mama Chapati, 19:33
Nimecheka mpaka nimemwaga unga.

Fundi Umeme, 19:41
Hata bei inawaumiza. Mita ya nyumbani hupata uniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei ya chini, na uniti za 81 hadi 150 kwa bei nafuu ya kupikia. Ikivuka hapo, bei hupanda tena. Vyumba vitano katika mita moja vinagombania hizo 15, na anayetumwa kununua Yaka mwisho wa mwezi ndiye anayelia peke yake.

Mwalimu, 19:55
Ninaunga mkono kwa hesabu. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula uniti 1.35. Kwa hiyo balbu moja ya varandani inaweza kumaliza zaidi ya nusu ya zile 15 kabla hamjapiga pasi hata shati moja.

Katibu, 20:03
Ahsante, Mwalimu. Basi kila nyumba ichange shilingi 5,000 za balbu, na kila nyumba ilete maganda makavu. Afande, nyumba yako ndiyo yenye maganda mengi kuliko zote.

Afande Mstaafu, 20:10
Maganda hayo yana wenyewe. Nina mbuzi saba.

Kijana wa Boda, 20:11
Tuwaongeze mbuzi kwenye kikundi, huenda wao watajibu ujumbe.

Afande Mstaafu, 20:26
Mcheke mkimaliza. Kabla sijatoa 5,000, nataka kuelezwa ile betri ya taa ya kisimani ilikwenda wapi. Tulichanga vivi hivi, kwa daftari lilo hilo, na kwa katibu yuyo huyo.

Katibu, 20:29
Afande, ufunguo wa lile sanduku niliukabidhi mbele ya watu watatu, na wewe ulikuwa mmoja wao. Nimelibeba neno hili miaka yote bila kumjibu mtu, na si haki kunirudishia mbele ya watoto.

Mwalimu, 20:34
Kwani funguo hazikuwa mbili?

Alhamisi

Bibi Hajati, 05:52
Nimesoma baada ya swala. Betri ile ninajua ilikokwenda, na aliyeichukua tumekwisha kumzika. Isitajwe tena humu. Uani kwangu ni kwenu, njooni Jumamosi, lakini pipa langu ni la maji, halitachomewa kitu.

Afande Mstaafu, 09:40
Nimesikia, Bibi. Katibu, uniwie radhi.

Katibu, 11:15
Tumesikia, Bibi. Yamekwisha, Afande.

Katibu, 16:02
Sasa hatuna pipa. Nani analo?

Kijana wa Boda, 18:20
Kuna moja kule wanakooshea magari, Shangazi. Linanuka dizeli kidogo, lakini halina tundu.

Fundi Umeme, 18:22
Hilo msiliguse. Pipa lililokuwa na mafuta, mkilifunga na kuliwashia moto, mabaki yake yanaweza kulilipua. Na ombi langu la jana kuhusu waya bado halijajibiwa.

Ijumaa

Katibu, 14:30
Mpaka sasa waliochanga ni nyumba tisa. Wanaosema watalipa tukionana, ninawakumbusha kwamba tunaonana kila siku. Kama pipa halitapatikana leo, kesho tutahesabu balbu na kuanika maganda tu, uchomaji tutaupangia siku nyingine.

Mama Chapati, 15:05
Nitauliza kwa mume wa dada yangu, analo la kuhifadhia mahindi. Siahidi.

Afande Mstaafu, 17:48
Nitatoa nusu ya maganda. Mbuzi wamekubali kwa shingo upande.

Fundi Umeme, 17:50
Afande, na waya?

Kijana wa Boda, 18:31
Chapati za kesho ni saa ngapi?

Mpangaji wa Chumba cha 4, 22:10
Samahani sana, ndugu zangu, nilikuwa safarini Kasese na simu haikuwa na chaji. Ndiyo kwanza nimesoma yote haya. Mkutano ni Jumamosi hii au ijayo? Na kuna anayejua kwa nini vyumba vyetu vyote vitano viko gizani, ilhali kwa Afande taa zinawaka?