Naomba ushauri: tairi za Coaster zina kashata (meno), ila umri umekwenda

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Coaster niliyoigeuza nyumba ya safari: kitanda, jiko la gesi, tanki la maji. Muda mwingi imeegeshwa uani juani, Desemba ndiyo tunashuka nayo Matema na familia.

Tairi ni 7.00R16, sita chini na spea. Kashata bado zimejaa, ukiziangalia kwa mbali utasema za jana. Lakini namba za DOT ubavuni zinasoma 0817, yaani zilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2017. Nimechuchumaa kuzikagua: mbili za mbele zina nyufa ndogo ndogo karibu na rimu, upande unaopigwa na jua. Ukucha hauingii, ila zinaonekana.

Fundi tairi wangu anasema nisitupe pesa, nijaze upepo nitembee. (Huyo huyo anauza mitumba, kwa hiyo sijui nimsikilize vipi.) Uingereza tangu Februari 2021 mabasi na malori hayaruhusiwi kuvaa tairi za mbele zilizozidi miaka 10. Mimi nawaza tairi ya mbele kupasuka nikiwa kwenye mteremko wa Kitonga, gari limejaa maji na watoto.

Mfuko hauruhusu zote kwa mpigo. Nianze na mbili za mbele, za nyuma zisubiri mwakani? Nyuma sitaki kuchanganya mpya na kuukuu upande mmoja, maana ile nene ndiyo itabeba mzigo.

Wenye magari yanayolala muda mrefu, nyie mnabadilisha kwa umri au kwa nyufa?