Darubini ya Dobson inakwama halafu inaruka nikiizungusha: tatizo ni nini?

Mwalimu wa Kiamunyi, Nakuru

Habari zenu wapenda nyota. Nina darubini ya Dobson, yaani bomba lenye kioo lililokaa kwenye kisanduku cha mbao kinachozungushwa kwa mkono, ya inchi 8, urefu wa fokasi milimita 1200, ambayo ninaitumia na wanafunzi wangu wa fizikia. Kuinua na kushusha bomba hakuna neno. Shida iko kwenye kuzungusha. Ukisukuma taratibu inagoma, unaongeza nguvu inagoma, kisha inaachia ghafla na sayari ya Mshtarii imetoweka. Kwa lenzi ya milimita 6, yaani ukuzaji wa mara 200, Mshtarii anavuka uwanja wote wa kuonea kwa dakika moja hivi, kwa hiyo lazima usukume kila mara. Ijumaa iliyopita msichana wa kidato cha pili alingoja zamu yake karibu nusu saa, alipoinama akakuta giza tupu. Limeniuma sana.

Nimepima kwa mizani ya springi ya maabara, nimeifunga kwa uzi kwenye mdomo wa bomba likiwa limelala. Inataka nyutoni 22 ndipo ianze kusogea. Ikishaanza, inakwenda kwa 9 tu. Chini ya kisanduku kuna vipande vitatu vya tefloni (plastiki yenye utelezi) vinavyoteleza juu ya ubao wenye fomaika, lile gamba gumu laini la juu ya meza. Nimelegeza nati ya bolti ya katikati, ikaanza kuyumba na kukwama kukabaki palepale. Mwezi wa pili nilitia mafuta ya cherehani: siku mbili nzuri, halafu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nivisogeze vile vipande karibu na bolti? Au ninunue beringi?

Seremala wa Kibuye, Kisumu

Mwalimu, salamu kutoka kando ya ziwa. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye vipimo vyako. Hiyo 9 haina ubaya. Ubaya ni pengo kati ya 22 na 9. Tefloni hupendwa kwa kazi hii kwa sababu nguvu ya kuianzisha na nguvu ya kuiendesha hukaribiana. Pengo likiwa kubwa namna hiyo, ujue tefloni yako haigusi fomaika, inagusa kitu kingine. Mimi nashuku hayo mafuta. Yamekamata vumbi, na vumbi la Nakuru mnalijua nyinyi. Hata jina la mji linaelezwa kuwa latokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi.

Fungua bolti, muinue kisanduku watu wawili, kigeuze. Futa tefloni kwa spiriti na fomaika kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa. Punje zilizozama kwenye tefloni zitoe kwa ncha ya kisu, usipige msasa. Kagua pia vichwa vya skrubu, lazima viwe vimezama chini ya uso wa tefloni. Kisha paka nta ya gari kwenye fomaika, ngoja ikauke, isugue mpaka kitambaa kiteleze. Grisi na mafuta ya aina yoyote, hapana.

Beringi usinunue. Itakuwa nyepesi mno, upepo utaigeuza, na ukiondoa mkono haitabaki pale ulipoiacha. Na vipande usiviguse kwanza. Ukivileta ndani mkono wa nguvu, yaani umbali kutoka kwenye bolti, unafupika na msuguano unapungua, ni kweli, lakini vimewekwa juu ya miguu mitatu ili uzito ushuke moja kwa moja chini. Ukivitoa hapo ubao unapinda na picha inatetemeka.

Ikibaki nzito baada ya usafi, kata washa (viduara bapa vyenye tundu) kutoka jerikani kuukuu la plastiki, uzivishe kwenye bolti kati ya ubao wa juu na wa chini. Ongeza moja moja. Zitabeba sehemu ya uzito pale katikati, ambako msuguano hauna nguvu.

Mtazamaji, Kakamega

Huku kwetu mvua ndiyo adui. Ubao wa chini ukiwa wa chipubodi, unafura kuzunguka tundu la bolti na kuinua fomaika. Weka rula juu yake uone kama pamevimba. Kingo zote na lile tundu zipakwe vanishi.

Mwalimu, jambo moja zaidi. Uko karibu dakika 18 za nyuzi (dakika 60 ni nyuzi moja) kusini mwa ikweta, na Mintaka, nyota ya mshipi wa Orioni, iko karibu dakika hizo hizo kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Inachomoza mashariki, inapanda wima, inapita utosini penu hasa. Unainua bomba tu, kisha ghafla inabidi uzungushe kisanduku nusu duara kuifuata magharibi. Isitoshe, bomba likiwa nyuzi 60 juu, mkono wa nguvu ni nusu tu ya ule wa bomba lililolala, kwa hiyo nyutoni 9 zinakuwa 18. Huko juu usisukume bomba, shika ubavu wa kisanduku. Watoto nao waonyeshe vitu kabla havijapita nyuzi 60.

Mwalimu wa Kiamunyi, Nakuru

Nawashukuru sana. Tumeifungua jana na wanafunzi wawili. Kulikuwa na uji mweusi wa mafuta na vumbi chini ya vipande vyote, na skrubu moja ilikuwa imechomoza kiasi cha unene wa ukucha, imechora duara zima kwenye fomaika. Nimeizamisha. Rula ilikaa sawa, ubao haujafura, ila kingo nitazipaka vanishi kabla ya mvua za masika.

Baada ya kusafisha na kupaka nta: nyutoni 12 kuanza, 9 kuendelea. Washa mbili za jerikani zikaleta 9 na 7, na usiku huo Mshtarii alibaki ndani ya lenzi kwa wanafunzi kumi na mmoja mfululizo, yule msichana akiwa wa kwanza. Washa ya tatu ilifanya bomba lizunguke lenyewe kwa upepo wa kutoka kreta ya Menengai. Nimeitoa.